Mwaka ambao umaskini wa watoto Marekani ulikatwa karibu nusu

Mwambie mkazi wa Buguruni kwamba huko Marekani familia ya watu wanne yenye kipato cha dola 30,000 kwa mwaka inahesabiwa maskini, atakucheka. Atacheka mpaka umtajie kodi ya pango, bima ya afya, na gharama ya mtu wa kukaa na mtoto wakati mama yuko kazini.

Kipimo chenyewe cha umaskini kina historia yake. Mwaka 1963 mchumi wa serikali, Mollie Orshansky, alichukua gharama ya chakula cha bei nafuu kabisa akaizidisha mara tatu, kwa kuwa enzi hizo familia ya kawaida ilikula theluthi hivi ya kipato chake. Kipimo rasmi cha leo ni hesabu ileile, kinapandishwa tu kadiri bei zinavyopanda. Nafuu za kodi na msaada wa chakula havimo. Kwa hiyo Ofisi ya Sensa hutoa na kipimo cha pili, kinachojumlisha misaada hiyo na kuondoa gharama kama za matibabu.

Tofauti ya vipimo hivi ilionekana wazi mwaka 2021. Serikali ya Joe Biden ilipandisha nafuu ya kodi ya mtoto, yaani kiasi anachopunguziwa au kulipwa mzazi kwa kila mtoto kwa mwaka, kutoka dola 2,000 hadi 3,000, na 3,600 kwa mwenye umri chini ya miaka sita. Kuanzia Julai sehemu ya fedha ililipwa kila mwezi, na hata mzazi asiye na kipato chochote alipata. Kwa kipimo cha pili, umaskini wa watoto ulishuka kutoka asilimia 9.7 mwaka 2020 hadi 5.2. Malipo yalipokoma, mwaka 2022 ukapanda hadi 12.4. Watoto zaidi ya milioni tano walirudi chini ya mstari wa umaskini ndani ya miezi 12. Na kipimo rasmi? Asilimia 15.3, kisha 15.0. Kililala usingizi wa pono.

Wanaotetea mpango huo wanasema basi, ushahidi ndio huo: umaskini wa watoto katika nchi tajiri ni uamuzi wa wabunge. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa, ila wanaruka jambo moja. Mwaka huo serikali iligawa pia fedha nyingine za kukabili athari za korona, na mwaka uliofuata bei zilipanda kwa kasi. Si nafuu hiyo peke yake iliyoshusha takwimu, wala si kukosekana kwake peke yake kulikozipandisha.

Upande wa pili una hoja nzito kuliko inavyosemwa. Wachumi wa Chuo Kikuu cha Chicago walikadiria kuwa kama mpango ungekuwa wa kudumu, wazazi wapatao milioni 1.5 wangeacha kazi. Tafiti za miezi ile hazikuona watu wakiacha kazi kwa wingi. Lakini nani huacha kazi kwa fedha za nusu mwaka? Wahafidhina hukumbusha pia sheria ya mwaka 1996 ya Bill Clinton, iliyofunga msaada kwa sharti la kufanya kazi. Baada yake akina mama wengi wasio na waume waliingia kazini, ingawa uchumi wa miaka ile ulikuwa umechangamka. Na gharama ya mpango ni kama dola bilioni 100 za ziada kila mwaka. Mwezi Desemba 2021, katika Seneti ambamo Warepublican wote walipinga, Joe Manchin wa West Virginia, Mdemocrat, alipokataa kuunga mkono muswada wa kuendeleza mpango, kura hazikutosha na mambo yakaishia hapo.

Pengo la utajiri, kwa upande wake, halikuguswa sana. Asilimia moja ya matajiri wa juu wanamiliki karibu theluthi ya utajiri wa nchi. Nusu ya chini ya wananchi haifikii asilimia tatu. Dola 300 kwa mwezi hazisogezi mlima huo, na hazikuahidi kuusogeza. Anayezibeza kwa sababu hiyo anadai daktari wa meno atibu na goti.

Kinachonishinda kuelewa ni muundo wa nafuu uliorudi mpango ulipokoma. Mume na mke wanaopata dola 390,000 kwa mwaka wanachukua nafuu nzima kwa kila mtoto. Mama wa mtoto mmoja anayepata dola 10,000 anahesabiwa senti 15 kwa kila dola baada ya zile 2,500 za kwanza, yaani dola 1,125. Sharti la kazi limetajwa, na huyu mama anafanya kazi. Mwaka 2025 Bunge lilipandisha nafuu hadi dola 2,200 kwa mtoto. Wale wa 390,000 wameongezewa 200. Mama yule bado ni 1,125.