Mgongo Unaokakamaa na Hoja ya Kuacha Wanga

Kijana wa miaka 25 anaamka saa kumi alfajiri kwa sababu kiuno kimekaza na kulala kunamuumiza. Anazunguka ndani ya nyumba nusu saa, maumivu yanalegea, mchana anafanya kazi zake kama kawaida. Nyumbani wanalaumu godoro, au mizigo aliyobeba. Mara nyingi miaka hupita kabla daktari hajampiga picha ya nyonga na kumpa jina la ugonjwa: ankilosing spondilaitisi, uvimbe wa ndani wa viungo vya uti wa mgongo ambao, usipotibiwa, unaweza kuunganisha pingili mpaka mgongo usipinde tena.

Ugonjwa huu unarithiwa kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1973 watafiti wa London na wa Los Angeles, kila upande kivyake, waligundua kwamba wagonjwa wengi mno wana alama moja ya kurithi kwenye seli zao, HLA-B27. Ulaya wagonjwa wapatao 9 kati ya 10 wanayo. Lakini ukigeuza hesabu, watu wengi mno waliozaliwa na alama hiyo wanazeeka bila kuugua. Wanaougua ni kama 5 kati ya 100. Hata mapacha wa kufanana, wenye jeni zilezile, mmoja anaweza kuugua na mwenzake asiugue. Kwa hiyo kuna kitu kingine nje ya jeni, na mgonjwa akisikia hivyo swali lake la kwanza huwa ni chakula. Ni swali la haki, na huniuma ninapoona linajibiwa kwa kupuuzwa.

Jibu lililojadiliwa zaidi lilitoka kwa Alan Ebringer, mtaalamu wa kinga ya mwili wa King's College London. Alidai kwamba bakteria wa utumbo aitwaye Klebsiella ana protini zinazofanana kwa vipande na HLA-B27. Mwili ukitengeneza kingamwili za kumpiga bakteria huyo, zinakosea na kupiga viungo vyake wenyewe. Kwa kuwa Klebsiella hushiba wanga usiomeng'enywa, ukimnyima wanga atapungua, na uvimbe utapungua naye. Mwaka 1996 alichapisha matokeo ya wagonjwa 36 waliopunguza mkate, viazi, wali, keki na tambi kwa miezi tisa: vipimo vya uvimbe katika damu vilishuka, na wengi walisema nafuu imekuja.

Huwezi kuitupa hoja hii kama uzushi wa mitaani. Utumbo na mgongo vina undugu kweli. Madaktari wa Ghent, Ubelgiji, walipochunguza utumbo wa watu wenye ankilosing spondilaitisi na magonjwa ya jamii yake, walikuta karibu nusu yao wana uvimbe mdogo ambao wenyewe hawakuuhisi. Panya waliopandikizwa HLA-B27 huvimba utumbo na viungo wakilelewa kawaida. Wakilelewa mahali pasipo na kijidudu chochote, uvimbe huo hautokei. Na katika ugonjwa wa Crohn, uvimbe sugu wa utumbo ambao nao una mkono wa urithi, watoto wengi hutulia wakinywa chakula maalumu cha maji pekee kwa wiki sita hadi nane. Chakula kinaweza kubadili uvimbe. Hilo halina ubishi tena.

Ubishi ni kama wanga ndiye mkosaji, na hapo mimi nasita. Wale wagonjwa 36 hawakulinganishwa na kundi la wagonjwa wenzao walioendelea kula wanga. Ugonjwa huu hupanda na kushuka wenyewe, na mtu hubadili chakula pale alipozidiwa, yaani wakati ambao nafuu ilikuwa njiani hata asingefanya lolote. Anayeacha chapati, keki na soda pia hupungua uzito, na mafuta ya mwili hutoa kemikali zinazochochea uvimbe. Nafuu inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado Klebsiella asihusike.

Jambo kama hilo limewahi kutokea. Mwaka 1924 daktari wa watoto wa New York, Sidney Haas, alitangaza kwamba ndizi zinaokoa watoto wenye ugonjwa wa siliaki, ugonjwa mwingine wa kurithi unaovimbisha utumbo. Watoto walipona kweli, na sifa zikaenda kwa ndizi. Ilibidi aje Willem Dicke wa Uholanzi, aliyeona watoto wa aina hiyo wakipata nafuu wakati wa njaa ya vita ya 1944 na 1945, mkate ulipoadimika, aoneshe kwamba tatizo lilikuwa ngano. Haas alikuwa ameondoa mkate pamoja na nafaka zote na viazi. Kumbe mtoto mwenye siliaki angeweza kula ugali wa mahindi maisha yake yote bila madhara. Maelezo yaliyokosea yalimnyima vyakula visivyo na hatia.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki naona ushahidi mmoja una uzito wa pekee. Huku kwetu HLA-B27 ni nadra, ndiyo maana ugonjwa wenyewe ni wa nadra. Lakini Wafula wa Gambia, kabila la wafugaji wa Afrika Magharibi, wanayo kwa kiasi cha kama 6 kwa 100, karibu sawa na Wazungu wengi. Watafiti waliwachunguza wanaume wa Kifula wapatao 900, utafiti ukachapishwa 1997, na hawakupata hata mgonjwa mmoja. Ni watu wa maziwa, ndiyo, lakini ni watu wa mtama na wali pia. Kama wanga ungekuwa ndio unaowasha moto kwa kila mwenye alama hii, Gambia ingekuwa na migongo iliyokakamaa mingi. Mtetezi wa Ebringer anaweza kujibu kwamba pengine Wafula wana jeni nyingine za kuwalinda, na watafiti wenyewe waliliona hilo. Sawa. Lakini basi wanga peke yake hautoshi kueleza ugonjwa.

Kuna na suala la sahani. Ukiondoa ugali, wali, muhogo, viazi na chapati, unabaki na samaki, nyama, mayai, mboga na matunda. Kwa mshahara wa kawaida wa Dodoma au Kisumu, hiyo ni njaa yenye jina la matibabu, na mgonjwa wa uvimbe sugu hatakiwi kukonda ovyo. Mtoto au mama mjamzito nisingemshauri kabisa.

Mtu mzima mwenye uwezo nisingemzuia kujaribu, kwa masharti. Asiache dawa za kutuliza uvimbe wala sindano za kuzuia TNF, kemikali ya mwili inayochochea uvimbe; dawa hizo zimepimwa kwa majaribio yenye makundi ya kulinganisha. Asiache mazoezi, maana kunyoosha mgongo kila siku ni nusu ya tiba, na sigara aitupe. Amwambie daktari, apime damu kabla, aandike kila asubuhi mgongo umekaza kwa dakika ngapi, ajipe miezi mitatu. Kisha arudishe wanga na aendelee kuandika. Hatua hii ya kurudisha ndiyo wengi huiruka, na bila hiyo hajui kilichomsaidia ni nini.

Jaribio kubwa la kumaliza ubishi huu lingehitaji wagonjwa mia kadhaa wagawanywe kwa kura, na vipimo visomwe na mtu asiyejua nani alikula nini. Ni ghali, na kampuni ya dawa haina cha kuuza mgonjwa anapoacha viazi. Fedha hizo zinapaswa kutoka serikalini na vyuoni, na wanaoamka saa kumi alfajiri wana haki ya kuzidai.