Mzimu Aliyeambiwa Angoje

Dada alipotoka jioni ile aliniachia wanawe wawili na onyo moja tu: nisiwatishe. Taa zilikuwa zinawaka, nikaitikia bila shida. Haukupita muda umeme ukakatika, mvua ikaanza, na yule mkubwa akasema, "Mjomba, tupe ya mzimu."

Mvua na giza havikuanza leo kuponza watu. Mwaka 1816 vilimfungia ndani Mary Shelley, msichana wa miaka 18, kule Uswisi, yeye na wenzake wakaanza kushindana kutunga hadithi za mizimu. Mwenzangu alitoka na Frankenstein, riwaya inayosomwa hadi leo. Mimi nilitoka na nundu.

Nikawachagulia ya kale, aliyoisimulia Mroma mmoja, Pliny Mdogo, katika barua ya karibu miaka 1,900 iliyopita. Mjini Athens palikuwa na nyumba kubwa isiyokalika. Usiku wa manane husikika chuma kikigongana, mlio wa minyororo, kwanza mbali, kisha karibu, kisha... Hapo nikanyamaza. Utamu wote uko hapo. Ukimtaja mzimu mapema umemuua. Acha sauti itangulie, msikilizaji atamuumba mwenyewe, tena wa kutisha kuliko wako. Mwili haujui kwamba hii ni hadithi: moyo unakwenda mbio, vimisuli vilivyo chini ya ngozi vinajikaza, vinyweleo vinasimama, huku akili inachekelea pembeni kwa kuwa mlango umefungwa.

Mlango, kwa taarifa yenu, haukuwa umefungwa.

"Minyororo ilikuwa na kufuli?" akauliza mdogo, wa miaka sita. "Ufunguo alikuwa nao nani?" Mtoto huyu ana kipaji cha kuharibu mambo.

Nikaendelea. Mwanafalsafa Athenodorus akapanga nyumba ile, usiku akakaa na taa yake akiandika. Akatokea mzee aliyekonda, ndevu ndefu, minyororo mikononi, akamwita kwa kidole. Athenodorus akamwashiria kwa mkono angoje kidogo, akarudi kwenye maandishi yake. Nikashusha sauti kabisa. "Mzee akasogea, akaitikisa minyororo juu ya kichwa cha Athenodorus..."

Krrr. Kli, kli. Krrr.

Sikuwa mimi. Ilitoka koridoni: chuma kinaburutwa sakafuni, kinasimama, kinaburutwa tena.

Ningependa kuwaambia kwamba niliwakinga watoto. Nilipiga mbizi chini ya meza, ila kichwa kikafika kabla yangu na kukutana na ukingo. Nikiwa pale chini nikaona vimiguu vya yule mdogo vikienda mlangoni, vikasimama imara. Akanyoosha kiganja gizani.

"Ngoja kwanza!"

Mburuzo ukakoma. Mzimu alitii.

"Ningoje mpaka lini, mwanangu?" ikauliza sauti ya shemeji. "Nimelowa chapachapa."

Baiskeli ilimkatikia cheni njiani. Alikuwa anaikokota kupitia koridoni aipeleke uani, cheni inaning'inia nyuma na kuburuta sakafu nzima.

Watoto hawakuniachia hadi nimalize. Nikawaambia basi: Athenodorus alimfuata mzee hadi uani, mzee akapotea ghafla, Athenodorus akapaweka alama ya majani, kesho yake pakachimbwa, ikapatikana mifupa iliyofungwa minyororo. Ikazikwa vizuri, nyumba ikatulia. Mkalale.

Asubuhi, pale uani shemeji alipoegemeza baiskeli, nikakuta rundo la majani na shimo la kufika magotini.

"Tumempata!" Mdogo akainua mfupa juu. Mbwa wa nyumbani, aliyeufukia kwa jasho lake, alikuwa amesimama pembeni akinguruma.

Nilijaribu kueleza, nani anisikilize? Maziko yakapangwa papo hapo. Shemeji akaamriwa avue kofia, mimi nikapewa hotuba, kwa kuwa ndiye niliyemjua marehemu. Nilikuwa bado kwenye utangulizi mbwa alipoingia kaburini, akachukua chake na kutokomea.