Watakatifu wa Uingereza ya zamani: dili la watawa au imani ya wananchi?

Mwaka 1307 tume iliyotumwa na Papa ilifika kanisa kuu la Hereford, magharibi mwa Uingereza, kuchunguza kama askofu wa pale, Thomas Cantilupe aliyefariki 1282, anafaa kutangazwa mtakatifu. Jamaa hawakuishia kusikiliza stori tu, walihesabu na vitu vilivyoachwa pale kaburini, na yaani walihesabu kweli: meli ndogo 170 za madini ya fedha, sanamu za nta 1,424 za watu na viungo vya watu, magongo 108 ya walemavu waliosema wamepona na hawayahitaji tena. Meli zililetwa na mabaharia walionusurika na dhoruba, mguu wa nta na aliyekuwa anaumwa mguu, na kadhalika. Nadhiri zilizotimizwa, rundo zima.

Sasa ukiangalia rundo lile unaweza kusema mambo mawili, na ndipo ubishi wa miaka nenda rudi ulipo. Wa kwanza atasema hapo ni biashara, watawa wamekaa kwenye kaburi wanakusanya sadaka za wajinga. Wa pili atasema hapana bwana, hiyo ni imani ya watu wa kawaida, mafukara na wagonjwa ambao hawakuwa na hospitali wala wakili, na sisi wa leo tunawacheka kwa sababu tuna panadol. Mimi nadhani wote wawili wana hoja lakini wanabishania kitu kidogo, kubwa zaidi ni hili: mtakatifu alikuwa mahakama ya rufaa, na swali la maana ni nani aliruhusiwa kukata rufaa pale na nani aligeuzwa mshtakiwa.

Tuanze na upande wa biashara maana ushahidi upo na hauna aibu. Glastonbury, abasia (monasteri kubwa) tajiri kabisa, iliungua moto 1184, hela za ujenzi zikawa shida, na mwaka 1191 watawa wakachimba makaburini kwao wakatangaza wamepata mifupa ya mfalme Arthur na mkewe, imekuja wakati muafaka kweli hiyo mifupa! Arthur si mtakatifu lakini mtindo ni ule ule. Canterbury nako, baada ya askofu mkuu Thomas Becket kuuawa na askari wapanda farasi wanne wa mfalme Henry II ndani ya kanisa tarehe 29 Desemba 1170, watawa walichanganya damu yake na maji, matone tu, wakawa wanawapa mahujaji maji hayo kwenye vichupa vya madini ya risasi na bati vya kuvaa shingoni, na beji za mtakatifu zikawa zinauzwa mji mzima mpaka leo watu wanaziokota kwenye tope la mto Thames. Halafu zile habari zenyewe za maisha ya watakatifu, ukisoma tano mfululizo unaanza kuona ni kopi na pesti: mtoto anakataa kucheza na wenzake, anamkimbia mchumba, anatabiri kifo chake, mwili unanukia vizuri kaburini. Mtawa mmoja wa Whitby aliyeandika maisha ya Papa Gregori mwanzoni mwa karne ya 8 aliitetea tabia hiyo waziwazi, kwamba hata kama muujiza fulani si wa Gregori bali wa mwingine isiwe kesi, kwani watakatifu ni viungo vya mwili mmoja na chao ni chao wote. Hiyo kujiamini!

Lakini ukisema ni dili tupu unakwama kwenye mpangilio wa matukio. Usiku ule ule Becket alipouawa, watawa wakiwa bado wana hofu na hawajui kesho itakuwaje, watu wa mjini waliingia wakachovya vitambaa kwenye damu, na kuna jamaa inasemwa alirudi nacho nyumbani kwa mkewe aliyepooza na mke akasimama. Asubuhi watawa wakatishiwa kwamba mwili utachukuliwa ukatupwe, wakauzika haraka kwenye chumba cha chini ya kanisa na kufunga milango. Walikuja kufungulia watu Aprili 1171. Kwa hiyo wananchi walimfanya mtakatifu kwanza, watawa wakafuata nyuma na kalamu, Papa Alexander III akafuata nyuma yao Februari 1173. Watawa wawili, Benedict na William, waliandika miujiza zaidi ya 700 kwa jumla, na ukiipitia mingi ni habari za kawaida mno, mtoto kameza kitu, mguu umevimba, ng'ombe kapotea. Kama ni tangazo la biashara basi ni tangazo lililojaa kero za watu wadogo.

Kuna mmoja namkumbuka kuliko wote, Eilward wa kijiji cha Westoning. Jirani yake alikuwa anadaiwa naye hela hataki kulipa, Eilward akiwa amelewa akavunja nyumba ya jirani akabeba glavu na kinoo, basi, glavu na kinoo. Vitu vya bei chee hivyo visingetosha kumfanya mhalifu wa kukatwa viungo, kwa hiyo afisa wa kijiji akashauri waongeze vitu vingine kwenye mzigo ili kesi iwe nzito. Akapelekwa Bedford, akashindwa mtihani wa maji (unatupwa majini, ukielea una hatia), akatobolewa macho na kuhasiwa. Siku kadhaa baadaye akasema Thomas kamtokea na anaanza kuona tena. Habari imechorwa kwenye vioo vya rangi vya Canterbury na bado iko pale, na wananchi wa Bedford waliandika barua ya kuithibitisha. Kama aliona au hakuona mimi sibishani na mtu, nachokiona ni kwamba mfumo wa sheria ulimchezea mtu rafu, hakuna mkubwa aliyekuwa na habari naye, na njia pekee ya kusema hadharani kuwa hukumu ile ilikuwa ya uonevu ilikuwa kusema mtakatifu ameitengua.

Hereford ilikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1290 huko Swansea, Wales, bwana mkubwa William de Briouze alimnyonga muasi wa Kiwelisi anaitwa William Cragh. Mke wa bwana, Mary, alikuwa ameomba asamehewe, mume kakataa. Mtu akanyongwa, akashushwa, macho yametoka, ulimi mweusi, na bibi akaagiza apimwe kwa Thomas Cantilupe. Kupimwa maana yake unachukua uzi urefu wa mwili wake, kichwa mpaka miguu, na uzi huo unakuwa utambi wa mshumaa utakaowashwa kaburini kwa mtakatifu, na wengine walikunja peni ya fedha juu ya mgonjwa kama ahadi kwamba hela hii sio ya matumizi tena, ni ya mtakatifu. Cragh akaanza kutikisa mguu. Miaka 17 baadaye yuko mbele ya tume anatoa ushahidi mwenyewe, na yule Mary naye katoa ushahidi wake, na wachunguzi wanauliza kama mahakama yoyote: alining'inia muda gani, nani alimwona, ulimi ulikuwaje. Alipopona alikwenda kuhiji Hereford akiwa na kitanzi shingoni, ameongozana na bwana aliyemnyonga. Hebu fikiria safari hiyo maongezi yalikuwaje.

Kufikia hapo mtu wa upande wa pili anapiga makofi, anaona imani ya wananchi imeshinda. Twende Norwich sasa.

Pasaka ya 1144 mtoto wa miaka 12 anaitwa William, aliyekuwa anajifunza kazi ya ngozi, alikutwa amekufa kwenye msitu nje ya mji. Nani alimuua hakuna aliyejua. Ndugu zake wakanong'ona kuhusu Wayahudi, ila habari haikufika mbali, na afisa wa mfalme, John de Chesney, aliwaingiza Wayahudi ndani ya ngome kuwalinda. Miaka ikapita. Halafu askari mpanda farasi mmoja wa pale, Simon de Novers, alikuwa na deni kwa Myahudi mkopeshaji, na watu wake Simon wakamuua yule mkopeshaji, kesi ikafika kwa mfalme Stephen. Askofu aliposimama kumtetea Simon akaja na hoja kwamba kabla hamjamhukumu huyu, Wayahudi wajibu kwanza kuhusu yule mtoto. Yaani marehemu wa miaka kadhaa anafufuliwa kuzima kesi ya deni na mauaji! Karibu na 1150 akaja mtawa mgeni, Thomas wa Monmouth, asiyekuwepo wakati mtoto anakufa, akakaa akaandika maisha na mateso ya Mtakatifu William, ndani yake Wayahudi wamemtesa mtoto kwa kumwigiza Kristo msalabani. Ni kitabu cha mtakatifu kama vingine vyote, kina miujiza, kina ndoto, kina mwili unaonukia.

Na ndani ya monasteri yenyewe sio wote walikubali, hili watu wengi hawalisemi. Mkuu wa watawa, Elias, aliagiza zulia na taa ambavyo Thomas alikuwa ameweka kaburini vitolewe. Kwa hiyo hoja ya kwamba watu wa zamani waliamini kila kitu haisimami, kulikuwa na mtu ana macho yake na akasema hapana, ila Elias alifariki na kitabu kikabaki. Stori ikasafiri, Gloucester 1168, Bury St Edmunds 1181, kila mahali mtoto amekufa na Wayahudi wametajwa. Lincoln 1255 ikaja kubwa zaidi: mtoto Hugh kakutwa amekufa, mfalme Henry III akaja mwenyewe, Myahudi anaitwa Copin akaahidiwa hataguswa akikiri, akakiri, akanyongwa, wengine kama 90 wakasombwa hadi London na 18 wakanyongwa huko, na mali za walionyongwa zikaingia kwa mfalme. Mwaka 1290 mfalme Edward I akawafukuza Wayahudi wote Uingereza. Mwaka ule ule Cragh alipoteremshwa kwenye mti Wales, ndio maana nasema mahakama ya rufaa, Mwelisi muasi aliweza kukata rufaa, Myahudi wa Norwich hakuwa na mtakatifu wa kumkimbilia, yeye alikuwa ndani ya stori tayari kama muuaji.

Basi je, dawa ilikuwa Roma kudhibiti? Wapo wanaosema hivyo, na ni kweli William na Hugh hawakuwahi kupitishwa na Papa, wakati Cantilupe alipigwa maswali miezi kadhaa na hata alipopitishwa ilikuwa 1320, zaidi ya miaka kumi baadaye, tena aliwahi kutengwa na Kanisa na bosi wake askofu mkuu Peckham, hilo nalo likachunguzwa. Utaratibu huo wa mashahidi na maswali ndio mzizi wa hizi kesi za leo, hata ya Mwalimu Nyerere iliyofunguliwa jimbo la Musoma inapita njia hiyo hiyo. Ila udhibiti nao una mwenye kuutumia. Simon de Montfort, aliyeongoza uasi dhidi ya Henry III, aliuawa Evesham Agosti 1265 na mwili wake ukakatwa vipande, watu wakaanza kwenda pale kuomba na kupona, na mwaka uliofuata ikatoka amri rasmi kwamba ni marufuku kumwita mtakatifu na kusimulia miujiza yake. Serikali inapiga marufuku muujiza! Miujiza ikaendelea kuandikwa hata hivyo, kama 200 hivi. Mfalme huyo huyo ndiye aliyezima mtakatifu wa wananchi Evesham na kwenda Lincoln kunyonga watu kwa ajili ya mtakatifu mwingine wa wananchi, kwa hiyo kama unataka juu idhibiti chini, angalia huyo wa juu ni nani.

Kuna upande ambao wote wawili kwenye ubishi huu wanausahau, nao ni wanawake wa kujifungua. Walikuwa na mkanda wa ngozi iliyoandikwa sala na kuchorwa misalaba, mjamzito anafungwa nao kiunoni akiomba kwa Mtakatifu Margaret na wengine. Mmoja wa mwishoni mwa karne ya 15 au mwanzoni mwa ya 16 uko London, una urefu wa zaidi ya mita 3 na upana wa sentimita 10 tu, na mwaka 2021 wanasayansi waliupima wakakuta mabaki ya asali, maziwa, mayai na majimaji ya uke. Hapo hakuna askofu, hakuna kaburi, hakuna boksi la sadaka, kuna mwanamke ana uchungu na mkunga wake. Wenye hoja ya biashara hapa sijui watasema nini.

Baadaye akaja mfalme Henry VIII, mtu wa hoja ya kwanza kabisa, ingawa na yeye alikuwa na hesabu zake. Mwaka 1538 watu wake walionyesha hadharani sanamu ya Yesu msalabani ya monasteri ya Boxley iliyokuwa inatikisa macho na midomo kwa nyaya, wakashangilia wamefichua utapeli, wakati wapo wanahistoria wanaosema mahujaji walijua fika ni mtambo. Kaburi la Becket likavunjwa, dhahabu na vito vikaenda hazina ya mfalme, na Novemba likatoka tangazo kwamba Becket sio mtakatifu, jina lake lifutwe kwenye vitabu, wakafuta kweli, kuna vitabu vya sala vya wakati ule utakuta jina limekwanguliwa kwa kisu. Kaburi la Hugh wa Lincoln nalo halikubaki zima, ila stori yake haikukwanguliwa na mtu. Iliendelea kuimbwa kwenye nyimbo za kienyeji miaka mia na mia tena, Wayahudi wenyewe wakiwa hawapo nchini, na kanisa kuu la Lincoln lilikuja kuweka kibao cha kusema wazi kwamba ile habari ni uzushi miaka ya 1950.