Vita vya Mbali, Petroli ya Mkokotoni

Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 24, 2022, sisi Unguja tulianza kuviona vita hivyo kwa watalii wa Kiukraine waliokwama kwenye mahoteli ya pwani, hawana ndege ya kurudi kwao. Tuliwahurumia. Kisha mafuta yakapanda, na ikawa kila ZURA, wadhibiti wa bei ya mafuta Zanzibar, wakitangaza bei ya mwezi, tunajihurumia wenyewe.

Siku zile, diko la Mkokotoni, nilimkuta mvuvi mtu mzima amechutama kando ya mashua. Alikuwa akimimina petroli kwenye dumu kwa kipande cha chupa ya maji, taratibu, lisimwagike hata tone. Nikamuuliza kama haoni huu ndio wakati wa kugeukia jua. Akanionesha taa zake za kuvulia dagaa: za betri, karabai ameshaachana nazo. "Taa nimeziweza, mwanangu. Na hii mashine, jua litaisukuma?"

Wapo wanaoamini vita huwafumbua watu macho wakaachana na mafuta, na ushahidi wanao. Katika vita vya Oktoba 1973 kati ya Israel na jirani zake, nchi za Kiarabu zilizuia mafuta yao, na pipa likatoka dola 3 hivi hadi karibu 12 kwa miezi michache. Denmark, iliyoishi kwa mafuta ya kuagiza, ikajifunza kutumia upepo. Lakini kwanza ilikimbilia makaa ya mawe. Ujerumani nayo mwaka 2022 iliwasha tena mitambo ya makaa ya mawe huku watu wake wakigombania sola za mapaani. Mtu mwenye hofu hushika kilicho karibu.

Sisi tunalijua hilo. Waya wa baharini unaotuletea umeme kutoka Bara ulipoharibika Desemba 2009, Unguja ilikaa bila umeme karibu miezi mitatu. Havikuwa vita, ila hofu ilikuwa ileile, na aliyejiweza alinunua jenereta. Mji Mkongwe ulinguruma usiku kucha na moshi ukaingia madirishani. Umeme uliporudi majenereta yakafunikwa, na waya mpya wa megawati 100 ulipofika mwaka 2013 hofu ikatutoka kabisa.

Upande wa pili, wa wanaosema vita huturudisha nyuma, una uzito, na mimi naubeba kwa uchungu. Gesi ya kupikia ikipanda, mama hangojei sola. Anarudi kwenye makaa na kuni, na mikoko inakatwa. Tena watu wanasikia habari. Ukiwaambia waache makaa, wanakuuliza mbona Ulaya yenyewe, ilipobanwa, iliyarudia ya kwake. Hawajakosea kuuliza.

Hata hivyo, jambo moja naona halina mjadala. Paneli nayo huja kwa meli, lakini ikishafungwa juu ya bati inakaa miaka 20 na zaidi. Petroli lazima ije kila mwezi, kukiwa na amani au vita. Kikwazo ni betri, inayochoka mapema na kudai fedha nyingi kwa mkupuo. Kaskazini Unguja wanawake wa vijijini wamefundishwa kufunga na kutengeneza sola, kwa hiyo mafundi tunao. Mkopo wa betri kupitia vikundi vya kuweka na kukopa ungewafikia wengi, na ungeanza sasa, kabla bei haijashuka na yule mvuvi hajarudi kumimina petroli bila kuhesabu matone.