Malengo makubwa ya usharika: ahadi za Januari, mavuno ya Julai

Mwaka mpya ukianza, sharika nyingi za Mbeya, Rungwe, Njombe na Iringa hutangaza lengo: kuezeka kanisa, kufungua mitaa mitatu (matawi ya usharika), kuongeza washarika mara mbili. Wapo wanaoliita lengo la namna hiyo imani. Wapo wanaoliita majivuno yaliyovaa joho. Pande zote mbili zina hoja, ila zinabishania ukubwa wa lengo wakati kinacholiangusha mara nyingi ni kalenda.

Wanaotetea wana historia upande wao. Mwaka 1732 Herrnhut, kijiji cha Ujerumani chenye watu mia chache tu, kilituma wamisionari wa kwanza wa Moravian hadi visiwa vya Karibi; mwaka 1891 warithi wao wakaweka kituo Rungwe. Mweka hazina mwangalifu angeziahirisha safari zote mbili. Tena wanakamati wanajua kwamba lengo dogo halichangiwi. Tangaza ukarabati wa dirisha, utapata sarafu. Tangaza kanisa jipya, watu wanaleta mbuzi mnadani.

Wanaopinga hutaja Luka 14:28, mtu anayetaka kujenga mnara aketi kwanza ahesabu gharama (ingawa pale Yesu anazungumzia gharama ya kumfuata, si tofali). Lakini ushahidi wao mzito hauhitaji aya: ni zile kuta zilizofika kwenye linta zikaishia hapo, mpaka miti ikaota ndani.

Tuchukue mfano. Usharika wenye kaya 120 unataka Sh90 milioni kwa miaka mitatu. Ukigawa sawa, kila kaya ni Sh250,000 kwa mwaka, na mkutano unapiga makofi. Sasa ondoa wajane, wazee wasio na nguvu, na vijana waliokwenda Dar es Salaam huku majina yao yakibaki daftarini. Zikibaki kaya 80, mzigo unafika Sh375,000. Gunia la mahindi likiuzwa Sh70,000 shambani, hayo ni zaidi ya magunia matano kwa mwaka, kabla ya mbolea, ada na sadaka ya kila Jumapili. Hesabu hii ifanywe mbele ya watu, kabla ya ahadi.

Kisha mwezi wenyewe. Ahadi inayoandikwa Januari inaandikwa na mtu aliyetoka kununua mbegu na mbolea ya kupandia, anadaiwa sare za shule, na bado mbolea ya kukuzia inamngoja. Anaandika kwa hisia, au kwa aibu, kwa kuwa majina yatasomwa. Mkulima wa chai wa Rungwe au Mufindi anayelipwa kila mwezi ataimudu bahasha ya kila mwezi. Mkulima wa mpunga wa Kyela au Mbarali, bahasha hiyohiyo inamshinda Februari, na si kwa ukaidi. Ikisomwa orodha ya wanaodaiwa mara ya pili, anaanza kusali nyumbani, na hasara hiyo haionekani kwenye taarifa ya fedha.

Kwa wakulima wa mahindi na mpunga, ahadi ziandikwe Mei, shamba likiwa linaonekana, na zitolewe Julai hadi Septemba. Anayetaka kutoa kwa debe au gunia apokelewe. Kwa kuwa bei ya mahindi huwa chini wakati wa mavuno, kamati inaweza kuyahifadhi hadi Desemba au Januari, mradi yamekauka sawasawa na yamewekwa kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Bila hivyo dumuzi, mdudu mtoboa mahindi wanayemwita Skania, atageuza sadaka kuwa unga ghalani.

Ujenzi nao una msimu wake. Tofali hufyatuliwa na kuchomwa kiangazi, na ukuta uliojengwa kwa tope ukiachwa bila paa kuanzia Novemba, mvua huosha viungo. Kwa maoni yangu, kuta zisianze kabla fedha ya paa haijawa benki. Jengo la mita 12 kwa 20 linataka bati za futi 10 zipatazo 150, na kamati nyingi huishia kuhesabu bati. Husahau mbao za kenchi, kofia za paa na misumari, na kwamba upana wa mita 12 si wa fundi wa nyumba za kawaida. Fedha ikipungua, kinachokatwa kwanza ni mnara wa kengele. Rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini inaita watu vizuri tu.

Kwenye malengo ya kuhesabu watu ndipo ninapowaunga mkono wanaopinga. "Tubatize 200 mwaka huu" ni namba ambayo usharika hauimiliki. Paulo anasema alipanda, Apolo akatia maji, mwenye kukuza ni Mungu. Namba hiyo ikiwa shabaha ya mwinjilisti, mafundisho ndiyo hufupishwa ili takwimu ipande. Ziwekwe namba za kazi: kaya ngapi zitembelewe kila mwezi, walimu wangapi wa kipaimara wafundishwe, jumuiya ngapi zipate kiongozi. Hizo hata zikiwa kubwa kupita kiasi hazimdhuru mtu, na zikishindikana inajulikana ni nani hakwenda.