Mirunda isiwe juu ya fundi

Mapatano ya kujenga nyumba zetu hizi za ghorofa moja mnayajua. Mwenye nyumba anataja bei ya kupiga plasta ya nje, fundi anasema "haitoki, bosi", wanavutana weee, mwisho mwenye nyumba anaongeza kidogo halafu anamalizia: "Sawa, ila mirunda juu yako," yaani ile miti ya kufungia jukwaa la kusimamia mafundi ainunue fundi. Fundi anakubali, maana anajua akikataa kuna mwenzake anasubiri kupigiwa simu. Kwa maoni yangu, mtu huanza kuanguka hapo, kabla hata jukwaa halijafungwa.

Fundi aliyebebeshwa mirunda atanunua michache. Nguzo zitaachana mno. Penye mbao nzima patawekwa mabanzi, na kamba zitakuwa vipande vya mpira wa ndani wa tairi. Ile fito ya kiunoni, ya kumzuia mtu anayerudi nyuma kutazama kazi yake, haitakuwepo kabisa kwa sababu inakula mirunda. Juu ya banzi hilo wanasimama fundi, saidia fundi na karai limejaa. Mtu akiteleza kutoka mita 6 anafika chini kwa sekunde moja na ushee, kwa mwendo wa karibu kilomita 40 kwa saa. Kofia ngumu haitamwokoa. Reflekta ndiyo kabisa, kazi yake ni aonekane vizuri akiwa anaanguka.

Ndiyo maana hunikera kusikia "hakuvaa vifaa" kila mtu akifa saiti. Mkanda wa usalama unataka mahali imara pa kuufunga. Ukiufunga kwenye mrunda uleule ulioshikwa na mpira wa tairi, unashuka nao.

Na si jukwaa tu. Kwenye slebu huachwa tundu la ngazi au la lifti, likafunikwa kwa plaiwudi isiyopigwa hata msumari. Kesho yake anakuja kibarua mgeni, anaona plaiwudi nzuri imelala bure, anaiinua kwa mikono miwili aipeleke kwenye fomweki, zile mbao za kumwagia zege. Imemziba macho. Anapiga hatua moja mbele. Misumari minne ingetosha, na alama ya rangi.

Hata penye ukaguzi mkali watu huanguka. Uingereza ilihesabu vifo 138 vya wafanyakazi kazini mwaka 2023/24, na 50 kati ya hivyo vilitokana na kuanguka kutoka juu. Sisi Tanzania Bara tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, tuna OSHA, wakala wa serikali wa kusimamia usalama kazini, tuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ambao waajiri wanauchangia tangu 2015. Lakini mwenye nyumba haamini kwamba yeye ni mwajiri, na fundi naye haamini kwamba saidia fundi wake ni mwajiriwa. Mtu akifa linapitishwa daftari la rambirambi, tunaambiana ajali haina kinga.

Kinga ipo, ila ina bei. Walipojenga daraja la Golden Gate kule San Francisco, wavu ulitandazwa chini ya mafundi na gharama yake ikahesabiwa ndani ya mradi. Uliwadaka watu 19. Tarehe 17 Februari 1937 jukwaa zima lilikatika likauchana wavu huo, wakafa 10, kwa hiyo sisemi wavu ni muujiza. Ninachosema ni kwamba hakuna fundi aliyeambiwa aje na wavu wake.

Basi wewe unayejenga mwaka huu, mirunda, mbao na kamba ziandike kwenye makadirio yako, karibu na saruji na nondo, uzinunue mwenyewe. Bei ya ufundi ijadiliwe peke yake. Plasta ikiisha, mirunda ni mali yako, muuzie jirani anayepandisha ukuta.