Kodi ya majengo irudi kwa madiwani

Mtaro ukiziba tangu masika, anayelaumiwa ni diwani. Simtetei diwani mzembe, lakini tuseme ukweli: huyo tunayemzomea mkutanoni ana sauti ndogo sana juu ya fedha za mji wake, na inazidi kupungua.

Mwaka 2003 ilifutwa kodi ya kichwa, na halmashauri zikaahidiwa ruzuku ya kufidia. Julai 2016 kodi ya majengo ikatolewa kwa halmashauri, ikapelekwa TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. Mwaka uliofuata ushuru wa mazao ukashushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula. Mwishoni mwa 2018 vikaja vitambulisho vya wamachinga vya Sh20,000, na mwenye nacho hakutakiwa kutozwa tena na halmashauri. Kodi ya kichwa ilikuwa dhuluma na ilistahili kufa. Hata mkulima alistahili nafuu yake. Kinachoniuma ni namna mambo haya yanavyofanyika: baraza la madiwani linapitisha bajeti yake mapema mwaka, halafu Juni Bunge linapitisha Sheria ya Fedha na kubadili vyanzo ambavyo bajeti ile ilivitegemea. Julai mweka hazina anaanza mwaka na pengo ambalo hakulitengeneza yeye. Na wajibu haupungui. Ile asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni lazima itengwe kutoka mapato ya ndani.

Pengo hilo linazibwa na nani? Nenda sokoni alfajiri. Utamkuta mgambo amesimama juu ya beseni la nyanya la mama mmoja, mwenzake ameshika mashine ya POS ya kutozea ushuru, na mama hajauza hata fungu moja. Mwenye ghorofa barabara ya pili bado amelala.

Mwenye ghorofa naye analipa, ni kweli, lakini tazama anavyolipa. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, umeme wa kulipia kabla ya kutumia: ilianza Sh1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda hadi 1,500, na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa. Nyumba ya vyumba viwili isiyopigwa plasta na jumba la chini lenye bustani na geti la umeme zote ni "nyumba ya kawaida". Tena anayekatwa ni aliyenunua umeme. Mpangaji anaweka 5,000 apate kupika na kuwasha taa, anakuta kodi ya nyumba ya mtu mwingine imeshakatwa humo. Akitaka kurudishiwa, akabembelezane na baba mwenye nyumba.

Sheria ya mwaka 1983 ilizipa mamlaka za miji kazi ya kuthamini majengo na kutoza kwa thamani. Huo ndio msingi ninaoutaka urudi. Nyumba haihami wala haisubiri msimu. Mji kama Masasi, unaotegemea korosho, mavuno yakiyumba unahitaji chanzo kimoja kisichoyumba nayo.

Najua jibu: halmashauri zilikusanya vibaya, na fedha nyingine hazikufika benki. CAG, Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ameandika hayo mara nyingi na sina sababu ya kubisha. Lakini mwizi anapelekwa mahakamani. Hatuwezi kuunyang'anya mji mzima chanzo chake kwa sababu yake.

Hilo likisubiriwa, halmashauri ifanye lililo mikononi mwake. Kila robo mwaka ibandike ofisi ya kata karatasi moja: tulitarajia kiasi hiki, kimeingia hiki, kwa hiyo kalavati la mtaa fulani tumeliahirisha. Na ianze kuthamini majengo sasa, hata kabla ya kurudishiwa kodi yenyewe, ili siku ya kudai iwe na daftari mkononi. Mthamini mmoja na vijana wawili wa ramani wanatosha kuanza na kata moja, ile yenye maghorofa.